Wigi la Mwalimu Bo-ram

South Beach, Durban
9 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na mvua huko Kamachumu inanyesha kwa adabu bila kuangusha migomba. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Upepo wa bahari unapiga madirisha ya hili ghorofa letu hadi tunaziba nyufa kwa matambara, lakini tumezoea.

Uliuliza kwa nini Jumamosi simu yangu huwa haipatikani. Nilikwepa kukujibu kwa sababu nilijua utacheka. Najifunza Kikorea, Mama. Kikorea na kucheza ngoma zao za kisasa. Chama cha wafanyabiashara wa Kikorea kimekodi ukumbi Morningside, kule juu kilimani, na hatulipishwi. Tuko wasichana watano. Jeancy na Carmel ni Wakongo ninaofanya nao kazi saluni, na wengine wawili ni wanafunzi wa hapa hapa, Wazulu. Mwezi wa saba kutakuwa na mashindano, na kundi litakaloshinda litapelekwa Seoul mwezi mzima. Watu wanasema sisi ndio tunaoongoza.

Mwalimu wetu anaitwa Bo-ram. Ana miaka thelathini na kitu, mwembamba, mkali kama wewe ulivyokuwa na darasa la nne. Jumanne alikuja saluni kwetu na nywele zake zinazofika kiunoni, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Kata."

"Nikate mpaka wapi, Mwalimu?"

Akagusa juu ya sikio.

Tante Marie-Louise, mwenye saluni, akaacha kichwa alichokuwa anasuka. "Mademoiselle, bwana amekuacha?"

"Bado sijampata wa kuniacha," akajibu, na saluni nzima ikacheka. Nikakata. Kila shungi lililoanguka alilitazama kama mtu anayetua mzigo. Nilipomaliza alijipapasa shingo, akatabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana. Nikampiga picha nikaiweka kwenye ukurasa wa darasa letu, watu wote waone kazi ya mikono ya mwanao.

Nisalimie wote, na mke wa Gadiel, Clara, mwambie kitenge chake nitakituma.

Ni mimi mwanao,
Sesilia

—

Kamachumu
23 Machi 2025

Mwanangu Sesilia,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwenye simu, nikaisoma mara ya kwanza nimesimama na mara ya pili nimekaa. Sisi hatujambo. Goti linauma usiku tu. Gadiel, mtoto wa baba yako mkubwa, kifua kinamsumbua, amepelekwa Bukoba mjini kupimwa. Clara yuko naye. Tuwaombee.

Mimi na zile sauti za kurekodi hatupatani, kwa hiyo nitaendelea kuandika kwa mkono na Dominiki wa steshenari atapiga picha na kutuma. Najua anasoma. Dominiki, soma, ila usitangaze.

Eti Kikorea! Kwa nini nicheke? Wewe hujui kwamba mama yako kila Jumatano na Ijumaa yuko kwa Goreth kutazama tamthilia za Kikorea zilizotiwa Kiswahili? Wale watu wana heshima, mwanangu. Kijana anampokea mkubwa kitu kwa mikono miwili, kama kwetu. Mama mkwe akikohoa, nyumba nzima inatetemeka. Nimewaambia wanakwaya kwamba Sesilia anakwenda Korea. Padri ametangaza. Sasa ole wako usiposhinde.

Ila hilo la nywele sijalipenda. Nywele kiunoni ni zawadi ya Mungu, mtu anazikata kwa nini? Na mikono iliyokata iwe ya mwanangu? Kwenye tamthilia sijaona msichana mwema mwenye nywele fupi, labda awe mwizi au mgonjwa. Wewe kichwa chako usikiguse.

Kula vizuri. Usitembee peke yako.

Mama yako,
Verediana

—

South Beach, Durban
4 Mei 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Poleni na ugonjwa wa Gadiel. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Ile picha niliyoweka imeleta balaa. Mtu fulani huko kwao aliiona akamtambua Mwalimu. Wakafukua picha ya zamani, miaka saba nyuma, Bo-ram akiwa katikati ya umati wa wanawake waliovaa nyekundu, ameshika bango. Wakaziweka picha hizo mbili pamoja na kuandika: Tazameni, huyu mfeministi, mchukia wanaume, ndiye anayetuwakilisha Afrika. Ukurasa wetu ulijaa matusi mpaka tukaufunga. Baba yake alipigiwa simu na watu asiowajua. Na yote hayo yalianza na nywele fupi.

Nilimuuliza maandamano yale yalihusu nini. Tulikuwa tumekaa ukutani pale ufukweni tunapofanyia mazoezi, Jeancy na Carmel pia. Akatueleza kwamba watu walikuwa wanaficha kamera ndogo vyooni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, wanawapiga wanawake picha na kuziuza. Wanawake wakaingia barabarani kwa makumi ya maelfu. Bango lake, samahani Mama, liliandikwa: Nataka kukojoa bila hofu.

"Sasa hapo kosa ni nini?" Carmel akauliza.

"Kosa ni kwamba dunia ilisikia," akasema. "Msichana wetu akiimba vizuri, ni binti wa taifa. Akisema amepigwa picha chooni, analichafua taifa. Wale bibi zetu waliotekwa na jeshi la kigeni wakati wa vita tunawalilia, na ni haki tuwalilie, kwa sababu aliyewatesa ni mgeni. Anayemtesa msichana wa leo ni wa nyumbani, ndiyo maana anaambiwa anyamaze."

Mimi nikamwambia, lakini Mwalimu, hizi nyimbo tunazocheza, wale wasichana wanaimba kwamba hawamwogopi mtu! Akacheka kidogo. "Ujasiri wa kwenye wimbo unauzwa, Sesilia. Mwimbaji mwenyewe akionekana ameshika kitabu kinachotetea wanawake, wapo wanaochoma picha zake. Kuna mwanamichezo alituletea nishani ya dhahabu, bado wakamuuliza kwa nini nywele zake fupi."

Nyimbo hizo nazipenda, Mama. Zilinibeba mwaka wangu wa kwanza hapa nilipokuwa nalia kila siku. Nilikasirika kama mtu aliyeambiwa ubaya wa shangazi yake.

Juzi mwenyekiti wa chama, Bwana Noh, alikuja mwenyewe saluni, suti na tai, amebeba boksi. Ndani mna wigi, jeusi, refu, zuri kwa kweli. Akaniambia kwa upole kwamba mimi ndiye niliyeanzisha, basi mimi nimsaidie Mwalimu kulivaa. Bo-ram aandike tamko kwamba alipotoshwa na makundi, aombe radhi kwa taifa, na siku ya mashindano asimame na nywele ndefu. "Hapa hatufundishi siasa," akasema. "Tunafundisha utamaduni."

Tante Marie-Louise alilipokea boksi, akalipapasa wigi kama anayepima kitambaa. "Papa, mimi nauza perruque kila siku, na hii iko ya muzuri sana. Lakini kichwa yenyewe iko wapi? Mwenye kichwa akuje. Kwa kichwa ya mutu hatupokee oda ya mutu mwingine." Akamrudishia.

Bo-ram amekataa kuandika. Jana wamemfukuza. Sisi tumeambiwa tuendelee na mwalimu mwingine na tusiulize maswali.

Nifanye nini, Mama?

Mwanao,
Sesilia

—

Kamachumu
18 Mei 2025

Mwanangu Sesilia,

Marahaba. Gadiel amerudishwa nyumbani. Hospitali wamesema tumuuguze hapa hapa.

Umeniuliza ufanye nini. Nakujibu kama mzazi: nyamaza. Hao ni watu wa nchi nyingine wanaogombana kwa lugha yao, nawe uko ugenini kwenye nchi ya tatu. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba hapo mnapoishi kuna watu wanaowaimbia wageni waondoke. Leo unataka kuongeza adui? Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako.

Huyo mwalimu namhurumia, lakini yeye ana kwao pa kurudi na pasi nzuri ya kusafiria. Wewe una kiti kwenye saluni ya watu. Nenda kacheze, ushinde, uone Korea, urudi na cheti. Mengine yaache.

Na pia, Sesilia, nchi ikisemwa vibaya mbele ya wageni inauma. Hata mimi nikisikia Mtanzania anaisema Tanzania vibaya redioni nazima. Mambo ya ndani yamalizwe ndani.

Nimeshasema.

Mama yako,
Verediana

—

South Beach, Durban
1 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za Gadiel? Mwambie Clara namkumbuka.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sina haja ya kukukosea heshima, lakini nitakujibu. Jicho nimelifumba, Mama. Nimelifumba kwenye teksi wanaponiambia nirudi kwetu. Nimelifumba kwa mteja anayenishika kiuno huku mke wake anasukwa. Kila mara nimeambiwa si wakati wake, si mahali pake, tutaaibika. Sijaona hata mmoja aliyekuja kunishukuru kwa kufumba.

Unasema mambo ya ndani yamalizwe ndani. Kwani ndani nani anayamaliza?

Mikono iliyomkata Bo-ram ni yangu. Sitavaa fulana ya darasa lake na kujifanya simjui.

Usinikasirikie sana.

Mwanao,
Sesilia

—

South Beach, Durban
20 Julai 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kimya chako kimenitisha. Simu yako inaita bila kupokelewa, na ya Dominiki imezimwa. Kama umenikasirikia, kasirika, lakini nitumie hata mstari mmoja kwamba uko hai.

Nakuandikia hata hivyo, usije ukasikia kwa watu.

Mashindano yalikuwa jana. Asubuhi tulikusanyika saluni, Tante Marie-Louise akafunga mlango akageuza kibao. Nikashika mashine ya kunyolea. Nilianza na wale Wazulu wawili, kisha Carmel, kisha Jeancy, ambaye alishika mkono wangu. Baba yake, Papa Léonard, anapakia malori Clairwood na ni mzee wa kanisa. Alikuwa ameshamwambia binti yake kwamba akinyoa asirudi nyumbani. "Uko na hakika?" nikamuuliza. Akafumba macho. "Kata, dada Sesilia. Kama nikiwaza nitakimbia." Mwisho Jeancy akaninyoa mimi. Nilisikia baridi kichwani, Mama, na nikahisi nimerefuka.

Juu yake tukavaa mawigi, marefu, meusi, Tante katuazima yote matano kutoka dirishani.

Ukumbi ulijaa. Bwana Noh alikuwa mbele na wageni wake, bendera mbili zimesimama jukwaani. Wimbo tuliochagua una mahali ambapo wachezaji wote huzungusha nywele kwa nguvu, na watu hupiga kelele wakisubiri mahali hapo. Pakafika. Tukazungusha, tukayavua, tukayatupa chini. Muziki ukaendelea, na sisi tunacheza na vichwa vyetu vinang'aa kwenye taa. Sijawahi kucheza vile. Halafu msichana mmoja juu kabisa akapiga kigelegele cha Kizulu, na ukumbi wote ukaripuka.

Wimbo ulipokwisha Carmel alichukua kipaza sauti akasema kwa Kikorea, sentensi tuliyoikariri wiki nzima: "Mwalimu wetu ni Bo-ram. Hana cha kuombea radhi." Wakamzimia kipaza sauti akiwa anaanza kuirudia kwa Kizulu. Akaimaliza kwa mdomo mtupu.

Tumeondolewa kwenye mashindano. Kosa letu, kuingiza siasa na kudhalilisha utamaduni wa taifa rafiki. Seoul wataenda wengine, na walicheza vizuri, siwezi kusema uongo. Nililia chooni. Niliitaka ile safari, Mama. Usiku nilikuwa naiota.

Nje, Papa Léonard alikuwa anasubiri kando ya geti na nguo zake za kazi. Jeancy alisimama mbali naye. Yule mzee akamtazama kichwa. "Mutoto yangu iko na kichwa ya askari," akasema. Kisha akavua kofia yake ya sufu akamvalisha. "Baridi iko mingi. Twende." Mpaka leo nyumbani hamsemeshi, lakini mlango haukufungwa.

Bo-ram alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Kibali chake kimefutwa pamoja na kazi, na Alhamisi anaondoka. Nilidhani atakwenda kujificha kwa ndugu yake Ulaya. Hapana, anarudi Seoul. Nikamuuliza kama haogopi. "Naogopa," akasema. "Lakini ile ni nchi yangu. Wao wanasema siipendi, kwa hiyo niwaachie? Mimi pia bibi yangu alizikwa pale." Aliomba nimpunguze nywele tena kabla hajapanda ndege, zilikuwa zimeanza kufika masikioni. Nimempunguza leo.

Niandikie, Mama.

Mwanao,
Sesilia

—

Kamachumu
10 Agosti 2025

Mwanangu Sesilia,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukutia hofu. Gadiel alifariki tarehe kumi na nne Julai, na nyumba ya msiba, kwa Clara, nilikaa mpaka wiki iliyopita. Simu niliiacha nyumbani. Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nikakasirika, nikaiweka bila kuijibu; hii ya mwezi wa saba nimeisoma baada ya mambo nitakayokusimulia. Kwa hiyo usifikiri ni wewe uliyenifundisha. Labda kidogo, ile ya mwezi wa sita.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Baba yako alipokufa ulikuwa mtoto wa miaka mitatu. Siku ile shangazi zako wanne waliingia chumbani na wembe. Mimi nilikuwa mwalimu, nina cheti cha ualimu ukutani, nikasema sitaki. Wawili wakanishika mikono, mmoja akakalia miguu. Walinikata hapa juu ya sikio, ile alama unayodhani ni ya ndui. Wakasema mjane asiyenyolewa anamtukana marehemu na kuuaibisha ukoo. Nikanyamaza, kwa kuwa ni mambo ya ndani. Nimenyamaza miaka ishirini na mbili.

Jioni ya pili ya msiba wa Gadiel, nilimwona shangazi yako mkubwa anamwaga maji kwenye beseni. Nikajua. Nikatangulia chumbani alikokuwa Clara, nikamuuliza, "Clara, wanakuja kukunyoa. Unataka?" Kwa kuwa wako wanaotaka, mwanangu, wanaona ndivyo wanavyomuaga mume, na angesema ndiyo ningeushika wembe mimi mwenyewe kwa mkono mwepesi. Alitikisa kichwa. "Sitaki, Ma Verediana. Nimemuuguza nikiwa nazo. Yeye alizipenda."

Nikatoka nikasimama mlangoni.

Walinisihi kwanza, kisha wakanitukana. Akaitwa baba yako mkubwa Anselmo, ambaye ni baba wa marehemu na machozi yake hayajakauka. Akasema, "Verediana, hizi ni mila za nchi hii. Unataka tuwe Wazungu? Watu wamejaa uani, unatuaibisha kwenye kifo cha mwanangu."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Shemeji, Gadiel nimemfundisha kusoma, nami namlilia. Mila za nchi hii nimezifundisha darasani maisha yangu yote, kutwanga, kusuka mikeka, mashairi, na heshima. Sijamfundisha mtoto yeyote kwamba kumkalia mwanamke miguu ni Tanzania. Anayetaka kuingia na wembe aanze na kichwa changu, na safari hii nitapiga kelele mpaka Padri asikie huko parokiani."

Shangazi yako mdogo, yule aliyenikalia miguu, akaliweka beseni chini. Sikutegemea awe yeye. Akasema, "Mwacheni." Akaenda kukaa jikoni, akalia kuliko wafiwa wote.

Clara alimzika mume wake nywele zikiwa kichwani. Ukoo umetutenga, mimi na yeye. Kwenye kwaya nimehamishiwa benchi la nyuma, na wapo wanaovuka njia wakiniona. Goreth anasema tamthilia ninazotazama zimeniharibu kichwa. Nikamwambia kwenye tamthilia sijaona aliyenisaidia hata mmoja.

Kuhusu Korea, nimewaambia watu wote kwamba huendi, na sababu nimeitaja bila kuipunguza, bango na choo chake humo humo. Padri alikohoa. Huyo Bo-ram mwandikie, mwambie mama wa Sesilia anamsalimu, na amwambie baba yake kwamba amezaa mtoto.

Picha ya kichwa chako uliyotuma nimeiona. Umefanana na babu yako. Sikuipenda, na usinitumie nyingine mpaka ziote. Lakini nimeiweka sebuleni.

Kesho ni siku ya kuondoa matanga. Ujumbe umeletwa kwamba mimi na Clara tusifike. Tunakwenda. Naandika haraka kwa kuwa amekaa hapa kwenye mkeka kati ya magoti yangu ananisubiri. Ameniomba nimsuke mistari ya kurudi nyuma, usoni pasibaki hata unywele wa kujifichia. Nimefika nusu ya kichwa. Vidole vyangu vimezeeka lakini havijasahau, na tukimaliza tutapiga pasi nguo.

Mama yako,
Verediana